KADI YA CHAMA ISIFE SIKU MSHAHARA UNAPOKUFA

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu wa tawi letu unaokuja liko shauri moja ambalo limewekwa karibu na mwisho wa orodha, baada ya hesabu ya Mweka Hazina na kabla ya "Mengineyo". Shauri lenyewe lauliza hivi: Je, mwanachama aliyepoteza kazi na sasa anajiajiri mwenyewe, aendelee kuwa mwanachama? Na je, mafundi wa cherehani walio barazani na sokoni, ambao hawakuandikwa na mtu, wapewe nafasi katika nyumba yetu?

Sote twajua kwamba shauri lililowekwa mwisho hufikiwa jioni, wakati watu wanatazama saa na kufikiri juu ya matatu ya kwenda nyumbani. Mikono huinuliwa haraka na jambo likaisha. Kwa hivyo nimemwomba Mhariri nafasi katika karatasi hii niseme maoni yangu mapema, ili kila mmoja apate kuyapima akiwa ametulia. Anayepinga naye aandike, tumsome.

Mimi nasema wakubaliwe. Nitaeleza kwa nini.

YALIYONIPATA MIMI

Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja cha nguo. Niliingia nikiwa mfagiaji, nikapandishwa hadi mashine za kufuma, na kwa miaka mitano nilikuwa mjumbe wa wafanya kazi katika idara yangu. Mchango wangu wa chama ulikatwa kila mwezi bila kukosa. Mgomo ulipoitwa niligoma, na mkataba ulipotiwa sahihi niliwasomea wenzangu kifungu kwa kifungu.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mlango wa nguo za mitumba ulifunguliwa wazi, viwanda vingi vya nguo katika nchi hii vikashindwa kuuza, na siku yetu sisi pia ikafika. Tuliitwa uwanjani asubuhi tukasomewa majina. Kiinua mgongo tuliahidiwa mara moja, tukalipwa kwa vipande vipande, na kipande cha mwisho wengine hawakukiona mpaka leo.

Juma lililofuata nilikwenda ofisi ya chama kuuliza juu ya haki yangu. Karani alifungua kitabu, akapitisha kidole chini ya majina, akaniambia kwa upole, "Ndugu, wewe si mwanachama tena. Mchango wako ulikoma mwezi uliopita." Hakunikosea adabu. Alikuwa akisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Lakini nataka kila msomaji afikiri: ni siku gani mtu huhitaji chama kuliko siku ile? Kadi yangu ilikufa siku ile ile mshahara wangu ulipokufa, kama mjane anayefukiwa pamoja na mumewe.

Kwa fedha kidogo nilizopata nilinunua cherehani moja ya kukanyaga, nikapanga nafasi kwenye baraza ya duka, upana wa meza na kiti. Majirani wakanipongeza. Wakasema, "Sasa hutapigiwa king'ora tena. Wewe ni tajiri wa nafsi yako." Nami niliamini, kwa muda wa kama miezi miwili.

Baada ya hapo nilianza kuwahesabu matajiri wangu. Wa kwanza ni mwenye baraza, ambaye hupandisha kodi wakati apendao, na risiti hatoi. Wa pili ni askari wa kaunti, ambao watu bado wawaita kanjo; hata ukiwa na leseni watakuambia meza yako imezidi inchi mbili. Wa tatu ni mwenye kuuza uzi, zipu na vifungo, ambaye bei yake haina mjadala. Wa nne ni mkopeshaji. Na wa tano ndiye mkubwa kuliko wote: ni mfanya biashara wa sare za shule anayeniletea vitambaa vimekwisha katwa, mimi nishone tu. Bei ya sketi moja aliipanga yeye. Siku ya kuleta aliichagua yeye. Sketi ikiwa na kosa, hasara ni yangu. Umeme ukipotea, au mtoto wangu akiugua nikalala hospitali naye siku tatu, hasara ni yangu pia.

Kiwandani nilikuwa na tajiri mmoja, na jina lake nililijua. Barazani nina matajiri watano, na hakuna hata mmoja anayekubali kwamba yeye ni tajiri wangu.

NANI HASA AMEJIAJIRI?

Neno hili "kujiajiri" limefanywa kama shuka kubwa, linafunika watu wengi wasiofanana. Chini ya shuka hiyo yuko mwenye duka la jumla na malori matatu. Yuko pia mama mboga mwenye gunia moja la sukuma wiki. Wote wawili huitwa "watu waliojiajiri". Basi tusidanganywe na jina. Mimi hutumia maswali matatu. Chombo cha kazi ni cha nani? Bei yapangwa na nani? Hasara ikija, yamwangukia nani?

Chukua kijana wa boda boda. Kazi hii ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi juu ya pikipiki ndogo, imeenea kila pembe ya nchi. Vijana wengi pikipiki si zao. Kila jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, abiria wawepo au wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Petroli ni juu ya kijana. Faini ni juu ya kijana. Akivunjika mguu, mguu ni wake, na hesabu ya siku hiyo bado anadaiwa. Huyu chombo si chake, na hasara yote ni yake. Ukimwita tajiri wa nafsi yake unamdhihaki. Huyu ni kibarua aliyenyimwa hata heshima ya kuitwa kibarua.

Kule Ziwa Victoria ni vile vile. Mvuvi husemwa kuwa amejiajiri, lakini mashua, nyavu na injini mara nyingi ni za mtu aliyelala nyumbani. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama ya mafuta, kisha fungu la mwenye mashua, na kinachobaki ndicho wanachogawana wale waliokesha majini.

Sasa twende mashambani, maana wako wanachama wanaofikiri kwamba mwenye shamba lake yuko huru kabisa. Ndugu yangu mdogo ana ekari moja na nusu ya chai huko Kisii. Yeye ni mmoja wa wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanaopeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na K.T.D.A. Shamba ni lake, jembe ni lake na jasho ni lake. Lakini jani la chai likichumwa asubuhi haliwezi kungojea bei nzuri; sharti lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo limeharibika. Anapimiwa kwenye kituo, analipwa kidogo kila mwezi, kisha angoja bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi hiyo hutegemea mnada wa Mombasa, ambako chai huuzwa kwa dola kwa wanunuzi ambao yeye hatawaona maisha yake yote. Mbolea ikipanda bei, hakuna wa kumlalamikia. Chombo ni chake, ndiyo. Bei si yake hata kidogo.

Na mwanamke wa Ukambani anayesuka kiondo? Husokota katani, husuka usiku baada ya kazi za shamba na za jikoni, kwa siku nyingi kiondo kimoja. Dalali huja siku ya soko na bei yake mfukoni. Akiikataa, arudi nacho nyumbani, na karo ya mtoto yangoja.

Mji na shamba vinasaidiana, na pia vinaumizana. Nilipokuwa kiwandani, mshahara wangu ndio ulionunua mbolea ya ndugu yangu. Niliposimamishwa, shamba lile lilikosa mbolea msimu ule ule, na gunia la mahindi lililokuwa likitujia mjini likapungua. Kazi moja iliyopotea mjini ilipunguza chakula katika nyumba mbili. Kwa hivyo anayesema kwamba haya ni mambo ya watu wa jua kali, si ya wafanya kazi wa viwandani, hajatazama mezani kwake mwenyewe.

HESABU YA NCHI NZIMA

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa hesabu yake mwaka 2025. Yasema kwamba katika mwaka 2024 zilipatikana kazi mpya kama 782,000, ukiacha kilimo kidogo. Katika hizo, zaidi ya 700,000 zilikuwa za jua kali. Yaani kati ya kila kazi kumi mpya, tisa hazikuwa na karatasi ya mshahara. Na ukihesabu watu wote wenye kazi, mpya na za zamani, zaidi ya wanane katika kila kumi wako jua kali.

Chama chetu chasimama wapi katika hesabu hiyo? Tunagombania vyumba viwili vya nyumba yenye vyumba kumi, na hata hivyo viwili vinapungua. Miaka kumi ijayo tutakuwa na ofisi, muhuri na bendera, lakini tutakosa watu.

TULIVYOTENGWA

Wazee wetu hawakuanza hivi. Mwaka 1947, mwezi wa Januari, mji wa Mombasa uligoma. Hawakugoma watu wa bandari peke yao. Waligoma watu wa reli, wa hoteli, na hata watumishi wa nyumbani. Umoja uliotokea hapo, African Workers' Federation, ambao Chege Kibachia aliuongoza, ulikuwa mlango mmoja kwa wote. Serikali ya kikoloni ilitambua hatari yake. Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa mbali, na kutoka hapo wakubwa wa Leba wakasisitiza kwamba kila kazi iwe na chama chake kidogo, chenye mwajiri wake na ukuta wake.

Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma. Waligoma kwa ajili ya kanuni mpya za baraza la mji, wala si kwa ajili ya mshahara. Fred Kubai na chama chake cha uchukuzi, pamoja na Makhan Singh na wenzake wa East African Trade Union Congress, hawakuwauliza kwanza, "Mwajiri wenu ni nani?" Waliona watu wa kazi wanaonewa, wakasimama nao.

Baadaye tulijifunza kuuliza swali hilo. Tulipopata mikataba, na mchango kukatwa katika mshahara moja kwa moja, mambo yakawa rahisi, na urahisi ukatulevya. Mtu asiye na karatasi ya mshahara hakuonekana tena katika vitabu vyetu. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Ulimwenguni walifika Kenya wakaandika kwamba watu hawa wa kazi ndogo ndogo wana bidii, wanafanya kazi yenye faida, na wanasumbuliwa bure na wenye mamlaka. Wageni waliona. Sisi tuliokuwa tukinunua karai na jiko kwao tulikuwa hatujawaona.

Na mamlaka nayo iliendelea na tabia yake. Mwaka 1990 vibanda vya Muoroto, Nairobi, vilibomolewa. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi mno. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Aliyekuwa na robota la mitumba la mkopo alibaki na mkopo, robota likawa majivu.

"VIJANA, JIAJIRINI"

Siku hizi hakuna mkutano wa hadhara ambao kiongozi hasimami akasema, "Vijana, acheni kutafuta kazi, jiajirini!" Watu hupiga makofi. Mimi sipigi.

Nakumbusha jambo moja. Mwaka 1964, mwaka wa kwanza wa Uhuru, ukosefu wa kazi ulipozidi, Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walikaa pamoja wakapatana. Waajiri wa kampuni waliahidi kuongeza watu kwa asilimia 10, Serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa muda huo. Mapatano hayo yalikuwa na kasoro zake, na kazi zenyewe hazikudumu kama tulivyoahidiwa. Lakini angalia mzigo uligawanywaje: mwajiri alibeba, Serikali ilibeba, mfanya kazi alibeba. Leo mzigo wote umewekwa juu ya kichwa cha kijana mmoja, kisha anaambiwa akiuangusha ni uvivu wake.

Wanasema yuko Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba 2022, nao hukopesha kuanzia shilingi 500. Sikatai, shilingi 500 humnunulia mama mboga bidhaa za asubuhi. Lakini mkopo si mshahara. Mkopo hurudi ulikotoka pamoja na riba yake.

Tena naomba nisieleweke vibaya. Silaumu kujiajiri. Nimelea watoto wanne kwa cherehani ile, na siku ninaposhona suti ya harusi ikamkaa bwana arusi vizuri, hakuna aliyepata kunipa furaha hiyo kiwandani. Ninacholaumu ni mtu kuachwa peke yake, kisha upweke huo ukaitwa uhuru.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya malipo kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007 yamlinda aliyeajiriwa. Kijana wa boda boda aliyejiajiri haimo habari yake. Katika N.S.S.F. mwajiri hulipa fungu lake juu ya fungu la mfanya kazi. Aliyejiajiri akijiwekea, hakuna wa kumwongezea. Bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024 yakata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwezi. Aliyejiajiri hukadiriwa mapato yake kwa maswali juu ya nyumba na mali, asipungue shilingi 300 kwa mwezi, na sheria yataka atoe ya mwaka mzima kwa mara moja. Muulize mama mboga ni lini aliwahi kushika fedha za mwaka mzima mkononi mara moja. Wanapojaribu kumkopesha ili alipe polepole, bado ni deni jingine juu ya deni.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya kuunda chama cha wafanya kazi na kujiunga nacho. Imesema kila mfanya kazi. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yaeleza chama kuwa ni umoja wa waajiriwa, wa kupanga mambo baina yao na waajiri. Basi mwenye kujiajiri Katiba yamfungulia mlango wa mbele, na sheria ndogo yamfungia wa ndani. Aweza kuandikisha umoja wake chini ya Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012, lakini hapo atatajwa kama mfanya biashara, si kama mtu wa kazi.

WANAOPINGA WASEMAVYO

Nimesikia hoja tatu katika mazungumzo ya chai, nami nataka kuzijibu kwa heshima.

Ya kwanza: "Hawa watalipaje mchango? Hawana mshahara wa kukatwa." Ndugu, kabla ya mchango kukatwa katika mshahara, mweka hazina alizunguka na kitabu cha risiti kila mwisho wa mwezi, nyumba kwa nyumba. Vyama vilivyoipigania nchi hii vilijengwa kwa senti za mkononi. Leo tuna M-Pesa tangu mwaka 2007. Mwanamke wa soko ambaye huchanga na wenzake kwa zamu kila juma, wala hakosi hata mara moja, ndiye tunayesema hawezi kulipa mchango? Watu hawa hulipa kila siku. Wamwulize tu anayekusanya ushuru wa soko.

Ya pili: "Wengine wao ni waajiri. Fundi ana wanafunzi wawili, mkulima ana mchumaji." Hoja hii ni ya kweli, wala sitaikwepa. Ndugu yangu wa Kisii humlipa mama mmoja kwa kilo amchumie chai, na bei ikishuka Mombasa, yeye humpunguzia yule mama. Anayebanwa naye hubana. Kwa hivyo iwepo kanuni: anayeishi kwa jasho la mikono yake zaidi kuliko jasho la wengine ataingia, na akiingia atakubali kumlipa msaidizi wake kwa haki na kumwacha ajiunge naye. Akiwa ndani tutamwuliza. Akiwa nje nani atamwuliza?

Ya tatu ndiyo yenye sumu: "Hawa ndio wanaoshona kwa bei ya chini na kutuharibia kazi. Tajiri akitishwa na mgomo hupeleka vitambaa kwao." Ni kweli! Nami ni mmoja wao. Nilipopelekewa vitambaa vile sikuuliza vimetoka wapi, maana hakuna aliyenijia kunieleza. Hakuna mjumbe wa chama aliyewahi kusimama mbele ya meza yangu akasema, "Ndugu, wenzako wamegoma, usishone hizi." Mtu unayemwogopa kwamba atakuvunjia mgomo, mwandike katika kitabu chako kabla ya mgomo.

WALIOTUTANGULIA

Twaweza kujifunza kwa wenzetu wa nguo. Katika mji wa Ahmedabad, India, kulikuwa na chama kikubwa cha wafanya kazi wa nguo kilichoundwa mwaka 1920. Wakili mmoja mwanamke, Ela Bhatt, aliongoza idara ya wanawake ya chama hicho. Walimjia wanawake waliobeba mizigo ya vitambaa kichwani katika soko la nguo, wanaopunjwa na wafanya biashara. Mwaka 1972 waliunda chama chao, SEWA, yaani umoja wa wanawake waliojiajiri. Msajili alikataa kukiandika. Akauliza: mwajiri wenu ni nani, mtagombana na nani? Wakamjibu kwamba umoja wa wafanya kazi ni kwa ajili ya wafanya kazi wenyewe kushikana, si lazima uwe wa kupigana na mtu. Wakashinda, wakaandikishwa mwezi wa Aprili mwaka ule. Mwaka 1974 wakaanzisha benki yao wenyewe, kwa hisa za rupia kumi kumi za wanawake 4,000.

Sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1981 chama mama kiligombana nao kikawatoa nyumbani. Katika miaka ile ile ya 1980 viwanda vya nguo vya Ahmedabad vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, na chama kile kikubwa kikanyauka pamoja na viwanda vyake. Wale wanawake waliofukuzwa leo ni zaidi ya milioni mbili.

Karibu zaidi, jirani zetu Uganda, chama cha wafanya kazi wa uchukuzi, A.T.G.W.U., kilikuwa kimebaki na watu wachache baada ya makampuni ya umma kuvunjwa. Badala ya kungojea kufa kiliviendea vyama vya boda boda na vya teksi, vikaingia pamoja na watu wao kwa makumi ya maelfu. Chama kikapata nguvu ya kukaa na polisi na kuzungumza juu ya kusumbuliwa barabarani, jambo ambalo kijana mmoja mmoja hakuweza.

NINACHOPENDEKEZA

Naleta mbele ya tawi maneno haya manne:

1. Mwanachama anayepunguzwa kazini abaki mwanachama kwa mchango mdogo wa mkono, na chama kisimame naye mpaka alipwe haki yake ya mwisho.

2. Mafundi wa cherehani wa mji huu wasaidiwe kuunda umoja wao na kuuandikisha chini ya sheria iliyopo sasa, kisha umoja huo ufungamane na tawi letu kwa mapatano ya maandishi, wawe na wajumbe wanaokaa na kusema katika mkutano wetu.

3. Tawi lipange pamoja nao bei ya chini ya kushona sare, ambayo hakuna fundi atakayeivunja, wa kiwandani wala wa barazani.

4. Katibu wetu apeleke kwa viongozi wa taifa, na kwa COTU, ombi kwamba sheria ya mwaka 2007 ilinganishwe na kifungu cha 41, na bima ya afya ilipwe kwa mwezi au kwa juma, kama watu wanavyopata.

Hayo si makubwa. Hayahitaji jumba jipya wala gari. Yahitaji daftari, na wajumbe wawili wenye miguu ya kuzunguka sokoni siku ya Jumamosi.

Mwisho, nasema na wewe uliye na kazi leo, ambaye unasoma karatasi hii wakati wa chakula cha mchana, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa kiwanda. Nilikuwa hapo. Niliegemea ukuta ule ule nikiamini kwamba hautaanguka. Sikuombei mabaya. Lakini ukitoka langoni jioni ya leo, mtazame yule fundi aliye kwenye baraza ya kwanza upande wa kushoto. Huenda yeye ndiye wewe wa miaka mitano ijayo, au wewe ndiye yeye wa jana. Mpe salamu, mwulize bei anayolipwa kwa sketi moja, kisha njoo mkutanoni na jibu lake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuinue mikono yote.

Wenu katika umoja,

FUNDI WA BARAZANI
(Aliyekuwa Mjumbe, Idara ya Kufuma)